Visanduku Vitupu: Sifa, Mateka na Mtazamaji katika Michoro ya Ukutani ya Bonampak

Makala haya yanachunguza michoro iliyomo katika vyumba vitatu vya jengo moja dogo la Bonampak, katika jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko. Jengo hilo, ambalo wanaakiolojia wamelipa nambari 1, lilipakwa rangi ndani, kuta zote na dari, mwishoni mwa karne ya nane BK, enzi za mfalme wa Kimaya Yajaw Chan Muwaan aliyetawazwa mwaka 776. Maandishi ya chumba cha kwanza yanataja tukio la mwaka 790, na kisha, baada ya siku 336, kuzinduliwa kwa jengo lenyewe mwaka 791. Dai letu ni kwamba michoro hii ni matini ya sifa, na kwamba imesomwa visivyo kwa muda mrefu kwa kuwa wasomaji wake wameichukulia ama kuwa kumbukumbu tupu ya matukio, ama kuwa malalamiko ya siri ya msanii dhidi ya bwana wake. Usomaji wa kwanza unaisahau fani. Wa pili unaisingizia fani dhamira isiyo yake.

Huenda mtu akauliza jarida la uhakiki wa fasihi lina shughuli gani na kuta. Jibu wanalo Wamaya wenyewe. Katika lugha ya maandishi yao neno moja, tz'ib, lilitumika kwa kuandika na kwa kupaka rangi. Aliyeshika brashi ya hieroglifi ndiye aliyeshika brashi ya sura na mavazi. Mgawanyo kati ya idara ya fasihi na idara ya sanaa ni wetu, na kuupeleka kwenye karne ya nane ni kosa la kwanza ambalo mhakiki anapaswa kuliepuka.

Matini na nakala zake

Walakandoni, ambao ni Wamaya wa msitu wa Chiapas, walikuwa wakiyafahamu magofu haya kabla ya mgeni yeyote kuyaandika. Mwaka 1946 walimwongoza hadi hapo mpiga picha wa Kimarekani, Giles Healey, aliyekuwa akitengeneza filamu kuhusu Wamaya kwa udhamini wa kampuni ya United Fruit. Jina Bonampak, lenye maana ya kuta zilizopakwa rangi, ni la kubuniwa, nalo lilitolewa na mwanaakiolojia Sylvanus Morley. Jina la kale linalosomwa katika maandishi ni Usij Witz, yaani Kilima cha Tumbusi. Wanaotumia jina la Morley (nasi tumo) wanaita mahali kwa kitu kilichowavutia wao, si kwa jina ambalo wenyeji waliliona linafaa.

Kuta zilikuwa zimefunikwa na utando wa kalsiti ulioachwa na maji yaliyopenya darini. Utando huohuo ulioficha rangi ndio uliozihifadhi. Wanakili wa kwanza, Agustín Villagra Caletti na Antonio Tejeda, walifanya kazi katika mwanga hafifu na unyevu mwingi, na kuta zilimwagiwa mafuta ya taa ili rangi zijitokeze kwa muda mfupi. Nakala za Tejeda ndizo zilizochapishwa mwaka 1955 katika ripoti ya Taasisi ya Carnegie iliyoandikwa na Karl Ruppert, Eric Thompson na Tatiana Proskouriakoff. Katika miaka ya 1960 Rina Lazo alichora nakala ya ukubwa kamili kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia jijini Mexico. Miaka ya 1980 utando ulisafishwa. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa Chuo Kikuu cha Yale ulioongozwa na Mary Miller ulipiga picha za infraredi zilizoonyesha mistari isiyoonekana kwa macho, na kutokana nazo Heather Hurst na Leonard Ashby wakachora nakala mpya zilizokamilika mwaka 2002.

Tumeieleza historia hii kwa urefu kwa sababu inafanana na ile ambayo kila aliyewahi kuhariri miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu anaifahamu. Hakuna nakala isiyo na mkono wa mnakili. Mstari uliofifia humshawishi anayenakili aukamilishe kwa kile anachodhani kilikuwapo, na uso uliobanduka hupewa macho ya mtu mwingine. Sehemu kubwa ya uhakiki ulioandikwa juu ya Bonampak kabla ya miaka ya 1990 ulikuwa, kwa hakika, uhakiki wa Tejeda na Villagra. Hatusemi haya kuwabeza. Bila wao tungekuwa na pungufu mno. Tunasema tu kwamba mhakiki lazima ajue anasoma toleo gani.

Kutoka utulivu hadi tarehe

Hadi katikati ya karne ya ishirini, picha iliyotawala ya Wamaya wa kale ilikuwa ile ya Morley na Thompson: makuhani watulivu, watazamaji wa nyota, walioishi katika vituo vya ibada na kujishughulisha na hesabu za siku. Vita vilivyojaa kuta tatu za chumba cha pili vya Bonampak havikuingia vizuri katika picha hiyo. Thompson, ambaye alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya 1955, alielekea kuvipunguza viwe shambulio dogo la kutafuta mateka. Nadharia inapokuwa na nguvu, hata mikuki ukutani huonekana fimbo.

Mwaka 1960 Proskouriakoff alionyesha, kwa kuzipanga tarehe za Piedras Negras, kwamba maandishi ya mawe hayakuwa hesabu za miungu bali habari za wafalme: kuzaliwa, kutawazwa, kufa. Ugunduzi huo, pamoja na hoja ya Yuri Knorozov ya mwaka 1952 kwamba hieroglifi hizo zilibeba sauti, ulibadilisha taaluma nzima. Lakini kila ushindi wa kitaaluma huja na ulevi wake. Kuanzia hapo michoro ya Bonampak ilianza kusomwa kama taarifa: chumba cha kwanza mrithi anatambulishwa, chumba cha pili vita vinapiganwa ili wapatikane mateka, chumba cha tatu mateka wanatolewa kafara na mrithi anathibitishwa. Kisa kikawa na mwanzo, kati na mwisho, kama riwaya ya karne ya kumi na tisa.

Mtoto ndiye aliyekuwa mhimili wa kisa hicho. Katika sehemu ya juu ya chumba cha kwanza, mtumishi amempakata mtoto mbele ya safu ya wakuu waliovaa mavazi meupe marefu, na familia ya mfalme imeketi juu ya kiti kikubwa cha enzi. Ilikuwa rahisi kusema: huyu ndiye mrithi, na haya yote yanafanyika kwa ajili yake. Kisha Stephen Houston akasoma hieroglifi chache zilizoandikwa juu ya furushi jeupe lililowekwa karibu na kiti cha enzi. Zinasema kuna pi tano za kakao. Pi ni hesabu ya 8,000. Kwa hiyo furushi linatangaza punje 40,000 za kakao, bidhaa iliyotumika pia kama fedha. Maneno matatu yaliyokuwa yamepuuzwa pembeni yanaibadilisha hadhira nzima. Wakuu wenye mavazi meupe hawakuja tu kumwona mtoto; wamekuja pia kulipa, au kushuhudia malipo. Mtoto bado yupo, lakini sasa yuko katika chumba ambamo hesabu inafanywa.

Hatudai kwamba usomaji wa kakao unaufuta usomaji wa mrithi. Tunadai kwamba kisa kilichopangwa vizuri kiliwafanya wasomaji hodari wasione furushi.

Anayeketi na anayetoka

Jambo ambalo nakala zilizochapishwa kitabuni huliharibu kabisa ni mahali pa kutazamia. Kitabuni kuta nne hufunguliwa zikawa karatasi moja bapa, na msomaji huziona zote kwa mara moja. Ndani ya jengo haiwezekani. Kila chumba kina mlango wake mmoja unaoelekea upande wa kaskazini, na karibu eneo lote la ndani limechukuliwa na jukwaa la mawe la kukalia. Kiswahili kinalo neno barabara kwa kitu hiki: baraza. Kinalo pia bahati ya kuliita kwa jina hilohilo kundi la watu wanaoketi juu yake kuamua mambo, na kwa Bonampak maana hizo mbili haziachani.

Aingiaye katika chumba cha pili anakabiliwa na vita. Kuta za kusini, mashariki na magharibi zimejaa miili, mikuki, mapambo ya vichwa yenye manyoya, na katikati ya msongamano huo mfalme aliyevaa ngozi ya jagwa anamshika adui nywele. Kushika nywele ni ishara ya kawaida katika sanaa ya Wamaya. Ni sawa na kitenzi chao chuhkaj, alitekwa, ambacho hujitokeza tena na tena katika maandishi ya mawe, nacho kiko katika kauli ya kutendwa. Hata juu ya mlango, kwenye kizingiti cha juu kilichochongwa, kuna utekaji: vizingiti vyote vitatu vya jengo vinaonyesha mtu akimteka mtu. Cha kwanza kinamhusu Yajaw Chan Muwaan, cha pili kinamhusu mfalme wa Yaxchilan, jirani mwenye nguvu ambaye mke wa Yajaw Chan Muwaan alitoka kwake, na cha tatu kinamhusu Aj Sak Teles, baba wa mfalme. Mgeni hupita chini ya utekaji ili aingie katika utekaji.

Ukuta wa kaskazini, wenye mateka waliokwisha kutekwa, hauonekani na anayeingia. Uko nyuma yake, juu na kandokando ya mlango aliopitia. Anayeuona vizuri ni aliyeketi barazani, yaani mwenye nyumba na wenzake. Yeye hutazama nje kupitia mlangoni, na juu ya mwanga wa mlango anaona ngazi zenye mateka. Mgeni atauona ukuta huo anapogeuka kuondoka, na itambidi apite chini ya miguu yao. Matini moja, basi, ina wasomaji wawili, na haiwasimulii kisa kimoja kwa mpangilio mmoja. Naratolojia ya mwanzo-kati-mwisho haina msaada mkubwa hapa. Swali la kufaa ni lile linaloulizwa juu ya utungo wowote wa sifa: nani anasikiliza, na ameketi wapi wakati sifa zinapotolewa?

Uzuri wa aliyeshindwa

Kwenye ngazi za ukuta wa kaskazini mfalme amesimama juu, ameshika mkuki, akizungukwa na wakuu wake na wanawake wa jumba lake. Chini yake mateka wameketi karibu uchi. Damu inadondoka vidoleni mwao. Iwapo kucha zimeng'olewa au ncha za vidole zimekatwa ni jambo ambalo limejadiliwa. Mmoja ameinua uso kumwelekea mfalme kana kwamba anasihi. Kichwa kilichokatwa kimelazwa juu ya majani. Katikati, chini kidogo ya mfalme, mtu aliyekufa amelala mshazari kwenye ngazi, kichwa kimeanguka nyuma, mkono umelegea.

Watu wengi walioandika juu ya sanaa ya Amerika ya kale wamekiri kwamba mwili huu ni miongoni mwa kazi bora za uchoraji wa bara hilo. Mfalme amechorwa kwa kanuni: wima, uso kwa upande, mavazi yamemfunika. Maiti amechorwa kwa mstari mmoja mrefu unaojipinda kutoka begani hadi mguuni, na mstari huo unabeba uzito wa nyama. Ni hapa ambapo usomaji wa pili, ule wa msanii mwasi, unapata nguvu zake. Kwa nini, wanauliza, mchoraji amempa ustadi wake wote adui wa bwana wake, kama si kwa huruma? Na kama ni huruma, si uasi?

Swali ni zuri na mhakiki yeyote aliyelelewa katika fasihi ya ukombozi atavutiwa nalo. Mwandishi wa makala haya alivutiwa kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, ushahidi unaelekea kwingine. Katika sifa za wafalme wa eneo hilo, thamani ya mtekaji ilipimwa kwa thamani ya mtekwa. Bird Jaguar wa Nne wa Yaxchilan alijiita mwenye mateka ishirini, na katika kizingiti cha 8 cha mji huo, kinachohusu tukio la mwaka 755, jina la mateka limechongwa pajani mwake ili asichanganywe na mtu duni. Mateka asiye na jina, asiye na mwili wa kuheshimiwa, hakuwa na faida yoyote kwa mshindi. Uzuri wa maiti wa Bonampak, kwa mantiki hii, ni mali ya mfalme. Umetekwa pamoja naye. Mchoraji aliyemtukuza aliyeanguka alikuwa anamtukuza aliyemwangusha, naye huenda alilijua hilo na kulifanya kwa moyo mmoja.

Haya ni matokeo yasiyopendeza. Yanatunyima faraja ya kuamini kwamba ustadi mkubwa daima humwegemea mnyonge. Lakini ni heri kuyakubali kuliko kumtungia mchoraji wa karne ya nane wasifu wa mwanaharakati. Huruma tunayoisikia mbele ya maiti yule ni ya kweli, nayo ni yetu. Kudai kuwa ni yake ni kumpora mateka kwa mara ya pili, safari hii kwa ajili ya sifa zetu wenyewe.

Majina yaliyosubiriwa

Je, matini hii haina ufa wowote, basi? Unao, nao hauko katika ustadi bali katika kitu kilichoachwa bila kufanywa. Kandokando ya sura nyingi za vyumba vyote vitatu mchoraji alitenga visanduku vidogo vya kuandikia majina na vyeo. Baadhi vilijazwa: katika chumba cha kwanza tunasoma vyeo vya wakuu, vikiwemo cha sajal, mtawala wa chini ya mfalme, na cha mjumbe. Vingi vimebaki vitupu. Katika chumba cha tatu, chenye dansi kubwa ya wakuu waliovaa mbawa za mapambo kiunoni, maandishi yaliyojazwa ni machache sana.

Maelezo ya kawaida ni kwamba kazi ilikatizwa. Miji ya bonde la Usumacinta ilikuwa ikielekea kwenye kuanguka, na Bonampak haikudumu sana baada ya jengo hili. Inawezekana kabisa. Lakini maelezo hayo hayatoshi kwa mhakiki, kwa kuwa sura zenyewe zimekamilishwa hadi kwenye nyuzi za mavazi na manyoya ya ketzali, na buluu ya Wamaya, rangi iliyotengenezwa kwa nili na udongo maalum, imepakwa bila ubahili. Kilichosubiri ni majina peke yake. Mwili wa mkuu ungeweza kuchorwa kabla ya kukubaliana ni mkuu yupi. Kisanduku kitupu kinatuonyesha sifa ikiwa bado kwenye mjadala: nani atasimama karibu na mfalme, kwa cheo kipi, kwa idhini ya nani. Utungo wa sifa uliokamilika huficha mjadala huo na kujifanya kuwa mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Bonampak, kwa ajali ya historia, imetuachia utungo wenye nafasi za majina bila majina.

Ulinganisho mmoja utasaidia. Huko Calakmul, katika mji mwingine wa Wamaya, wanaakiolojia walifukua kuanzia mwaka 2004 jengo lenye michoro ya karne ya saba kwenye kuta zake za nje. Hapo hakuna vita wala kiti cha enzi. Mwanamke anamtwisha mwenziwe chungu, mtu anakunywa uji wa mahindi, mwingine anagawa chakula. Nao wana maandishi: mtu wa uji, mtu wa tumbaku, mtu wa chumvi, mtu wa punje za mahindi. Hawa hawana majina yao wenyewe. Wanaitwa kwa wanachokibeba. Hata hivyo maandishi yao yalijazwa. Aliyeitwa kwa chumvi yake hakuhitaji idhini ya baraza ili aandikwe.

Turudi chumba cha tatu cha Bonampak. Juu, kwenye kona moja, wanawake wa jumba la mfalme wameketi juu ya kiti cha enzi wakitoboa ndimi zao na kupitisha kamba ili damu itoke, ibada inayojulikana pia kutoka vizingiti vya Yaxchilan. Chini ya kiti, mlezi ameketi sakafuni akiwa amempakata mtoto, na mtoto ameunyosha mkono. Kama ni yule wa chumba cha kwanza, basi ameonyeshwa mara mbili katika jengo moja, mara ya kwanza karibu na kakao na mara hii karibu na damu. Jina lake halimo katika maandishi yanayosomeka, wala hakuna jiwe lolote la Bonampak linalomtaja mfalme aliyemfuata Yajaw Chan Muwaan.